Maji ya Sikukuu Yapewe Mwenyewe

Mwaka juzi, siku ya pili ya Krismasi, tulikuwa watu kumi na mmoja chini ya mivinje, ufuoni kaskazini mwa Mombasa. Pilau imo ndani ya sufuria iliyofungwa kwa leso, soda zimezama katika barafu, watoto wamekodi boya na hawaonekani ila vichwa. Shangazi yangu alikuwa ameketi mkekani. Alikuwa ameshuka kwa treni siku mbili kabla, akitokea Nyahururu, ambako hata Desemba watu hulala na blanketi mbili. Nikampa glasi ya maji. Akaionja kidogo kama anayeonja dawa, akaiweka mchangani kando ya viatu vyake. Ilipofika saa saba aliinuka kwenda kumtazama mjukuu wake, akapiga hatua nne, akashika shina la mvinje, akateleza taratibu mpaka akakaa chini. Midomo imekauka, uso umempauka, macho hayatulii.

"Shangazi, tangu asubuhi umekunywa nini?"

"Chai, mwanangu. Ile ya nyumbani."

"Na maji?"

"Nikinywa maji nitakwenda wapi? Wewe umekiona kile choo?"

Nilikuwa nimekiona. Foleni ya wanawake imezunguka ukuta, ndani hakuna maji wala sabuni, na mlango unashikwa na mwenzio kwa nje. Tulimlaza kivulini, miguu tukaiinua juu ya kikapu, leso tukailowesha na kumwekea shingoni, na binamu yangu akawa anampa maji kwa vikombe vidogo vidogo. Baada ya nusu saa alikuwa anauliza kama pilau imebaki. Mimi sikula. Nilikaa nikihesabu: tulikuwa tumepanga nani abebe sufuria, nani alinde mikoba, nani aingie baharini na watoto wasiojua kuogelea. Maji tulibeba chupa tatu za lita moja na nusu kwa watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameambiwa, "Haya ni yako, hakikisha kila mtu anakunywa."

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna safari ya sikukuu isiyo na mtu wa maji. Ndio ushauri wangu mkubwa, na mengine nitakayosema yanaufuata huo. Chagueni mtu mmoja, na asiwe mpishi wala mama wa mtoto mchanga, kwa sababu hao mikono yao imejaa. Kijana wa miaka kumi na sita anatosha kabisa, tena hujiona amekabidhiwa jambo la maana. Kazi yake ni kujua chupa ngapi zimetoka nyumbani, ngapi zimebaki, na kupita kwa kila mtu kila nusu saa mpaka amwone anameza. Asiulize "Una kiu?" Aseme "Kunywa."

Kiu huchelewa. Mtu anapoisikia sawasawa, mwili umeshaanza kupungukiwa. Kwenye shamrashamra huchelewa zaidi, maana kuna muziki, kuna mazungumzo, kuna ndugu ambaye hamjaonana miaka mitatu. Kwa mzee hata pasipo shamrashamra kiu hufifia. Umri unapopanda, ile kengele ya mwili hulia kwa sauti ndogo. Shangazi yangu hakuwa anasema uongo aliponiambia baadaye kwamba hakuwa na kiu.

Tuelewane pia juu ya joto lenyewe. Desemba hadi Machi ni msimu wa kaskazi huku Pwani. Mchana Mombasa hufika nyuzi 31 hadi 33, na usiku haupoi sana. Anayetoka Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya bahari, huijua tofauti mara tu mlango wa behewa unapofunguliwa pale stesheni ya Miritini. Lakini nyuzi hazielezi yote. Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa yetu imeshiba unyevu, kwa hiyo jasho halikauki upesi. Linatiririka tu mgongoni na kulowesha dera. Mwili unapoteza maji na chumvi, haupoi kama ulivyotarajia, basi unatoa jasho jingine.

Mwili huzoea, ila huchukua kama wiki moja hadi mbili, na wageni wetu wengi huja kwa siku nne au tano. Wanaondoka kabla miili yao haijajifunza kitu. Kwa hiyo mgeni wa bara asipelekwe ufuoni saa sita mchana siku ileile aliyofika, hata akiomba. Mpeleke alasiri, jua likiwa limelegea. Siku nyingine zote, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kivuli kitafutwe kabla ya kutandika mkeka, na ukumbuke kwamba kivuli cha mvinje huhama. Nimeona familia zimelala usingizi wa pilau kivulini na kuamka juani.

Sasa kiasi. Siku ya kawaida mtu mzima huhitaji kama lita mbili hadi mbili na nusu za vinywaji na maji yaliyomo kwenye chakula. Siku ya ufuo ongeza. Sisi huhesabu lita mbili kwa kila mtu mzima na lita moja kwa kila mtoto, kwa zile saa za nje peke yake, mbali na alichokunywa nyumbani. Anayefanya kazi juani, kama kucheza kandanda mchangani, kubeba mizigo au kuchoma nyama, anywe glasi moja kila baada ya dakika 15 au 20. Aliyekaa kivulini glasi moja au mbili kwa saa zinamtosha. Watu kumi na mmoja, watano kati yao watoto, wanahitaji lita kumi na saba. Karibu kibuyu kizima cha lita ishirini, nasi tulibeba lita nne na nusu.

Najua uzito wake. Lita ishirini ni kilo ishirini, na hakuna atakayezibeba kwa hiari kutoka kituo cha matatu. Gawanyeni: kila anayetembea kwa miguu yake ana chupa yake mgongoni, na kibuyu cha lita kumi kipande tuktuk pamoja na sufuria. Chupa ziwe za kutumika tena. Tangu Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja katika maeneo yaliyohifadhiwa, fukwe zikiwemo, na hata isingekuwa sheria, bahari hii ndiyo inayotulisha samaki. Usiku wa kuamkia safari, jaza chupa maji nusu, zilaze ubavu ndani ya friza, asubuhi zijazie nafasi iliyobaki. Zikilazwa, barafu hushika upande mmoja na mdomo wa chupa unabaki wazi. Usizijaze pomoni kabla ya kuganda, kwani maji yakiganda hupanuka na chupa hupasuka. Ukizifunga hizo kwa taulo na kuziweka chini ya kapu, saa nane mchana bado utasikia kipande cha barafu kikigonga ndani.

Nirudi kwenye choo, kwa sababu ndicho kilichomwangusha shangazi yangu, na huangusha wanawake wengi kuliko jua. Wanaume huenda nyuma ya mti. Mwanamke huamua asubuhi, kimyakimya, kwamba leo hatakunywa. Haambii mtu. Wasichana hufanya hivyo, mama wajawazito hufanya hivyo, na kwenye mikutano ya hadhara, harusi na maziko nako ni vivyo hivyo. Kunywa kidogo na kubana mkojo mchana kutwa humfungulia mtu maradhi ya njia ya mkojo, mbali na kizunguzungu. Ukimwambia "kunywa maji" bila kumwonyesha pa kwenda, hujamsaidia.

Kwa hiyo mkeka hautandikwi kabla choo hakijajulikana. Mtu mmoja atangulie aangalie. Kama cha ufuoni hakifai, kuna mkahawa wa karibu, kuna kituo cha mafuta, kuna mahali mtakaponunua chapati mbili mkapata na ruhusa. Bebeni karatasi, sabuni, chupa ya maji ya kunawia na leso moja ya kuzuia mlangoni, na akina mama waende wawiliwawili bila kungoja kubanwa. Mkae upande ulio karibu na choo hata kama upande wa pili una upepo mzuri zaidi. Na mwanamume aliye mkuu wa safari alitaje jambo hili kwa kinywa chake, mbele ya wote, kabla ya kutoka: "Choo kiko pale, tumekiona, kina maji." Maneno sita hayo yamewafanya wanawake wa nyumbani kwetu wanywe kuliko mahubiri yangu yote. Nao wanaosimamia fukwe na viwanja vya sherehe na kutoza watu pesa mlangoni, wajue kwamba choo kisicho na maji ni ugonjwa wanaouuza.

Mpishi naye husahaulika. Aliyeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitunguu juu ya jiko la makaa ameshatoka jasho la nusu siku kabla wengine hawajaoga. Yeye apewe maji hapo hapo jikoni, na afike ufuoni akiwa abiria. Kwa kila mtu, nusu lita kabla ya kutoka ni nzuri, saa moja kabla, ili mkojo wake umalizikie nyumbani.

Mkojo wenyewe ndio kipimo rahisi kuliko vyote. Ukiwa umepauka kama maji ya ndimu, uko salama. Ukiwa wa rangi ya chai ya mkandaa, umechelewa. Mtoto ambaye hajakojoa kwa saa sita hivi, mdomo mkavu, analia bila machozi, huyo aanze kunywa sasa, na asipochangamka apelekwe hospitali.

Kuhusu vinywaji, watu hubishana bila sababu. Maji ni bora, lakini chai, uji, juisi ya ukwaju au ya bungo na hata kahawa chungu huhesabiwa. Kahawa kiasi haikaushi mtu kama inavyosemwa. Soda nazo ni maji, ila sukari yake ni nyingi na mtoto aliyeshiba soda hataki tena kitu kingine. Mpe maji kwanza, soda baadaye pamoja na chakula. Dafu ni zawadi ya Mungu kwa Pwani, lina potasiamu kwa wingi. Chumvi yake ya kawaida ni kidogo, ile hasa inayotoka na jasho, kwa hiyo linywe na mhogo wa kuchoma uliopakwa chumvi na pilipili, kama wanavyofanya watu wa Mama Ngina, kando ya bahari mjini Mombasa, kila jioni. Embe la Desemba, tikiti maji, machungwa na matango pia hubeba maji mengi, na mtoto anayekataa chupa hatakataa tikiti lililotoka kwenye barafu.

Pombe haihesabiwi. Bia na mnazi humfanya mtu akojoe zaidi, huficha dalili za kuzidiwa na joto, na humpeleka mlevi majini. Atakayekunywa, na angoje jua lizame, atoke baharini moja kwa moja, na kila glasi aifuatishie maji. Miraa na muguka nazo hukausha kinywa na kuukimbiza moyo. Mtafunaji awe na chupa yake ya maji kando.

Barafu na maji ya kununua yanahitaji jicho. Barafu haiui vijidudu. Maji machafu yaliyoganda ni maji machafu, na juisi nzuri iliyotiwa barafu ya aina hiyo ni mlango wa kuhara. Pwani imeuguza kipindupindu mara nyingi, hatuhitaji kufundishwa. Maji ya kisima au ya mkokoteni yachemshwe mpaka yatokote vizuri, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, ndipo yaingie chupani. Ukinunua, angalia kifuniko kama hakijafunguliwa. Mtu akianza kuhara au kutapika, mchanganyiko wa ORS wa pakiti ndio wa kwanza. Usipopatikana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa juu kwa kisu. Usizidishe chumvi ukidhani utaongeza nguvu. Chumvi ikizidi, humdhuru mtoto.

Wapo wasiofaa kuhesabiwa pamoja na wengine. Mtoto aliye chini ya miezi sita haongezewi maji hata joto likizidi. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe. Mwenye selimundu, ambao wengi huku huuita sikoseli, akipungukiwa maji anaweza kushikwa na maumivu makali usiku uleule. Yeye awe wa kwanza kwa mtu wa maji kila mzunguko, na asikae baharini mpaka anatetemeka, kwani baridi nayo humchokoza. Mwenye kisukari sukari yake hupanda akikauka. Anayemeza dawa za presha zinazomkojoza asiziache kwa sababu ya safari, lakini amuulize daktari wake mapema afanyeje siku za joto. Na mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyepimiwa maji ya kunywa afuate kipimo chake yeye, asifuate changu; dafu pia aliulizie kwanza, kwa ile potasiamu.

Msongamano ni jambo la peke yake. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, watu wakijaa kando ya bahari kungoja fataki, joto halitoki juani tena. Linatoka kwa watu wenyewe. Miili imebanana, upepo haupiti, na aliyesimama saa mbili bila kusogea damu yake hutuama miguuni, kichwa kinakosa. Ndiyo maana watu huzimia wakiwa wamesimama. Kunyweni kabla ya kuingia kwenye umati, maana ukishaingia hutaweza hata kuinua kiwiko. Kaeni ukingoni. Chezesha vidole vya miguu, kunja magoti, tembeza damu. Kwenye foleni ya feri ya Likoni siku za sikukuu fanyeni hivyohivyo: chupa iwe mkononi, isiwe chini ya begi ndani ya buti la gari.

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli ya miguu kukazana, jasho jingi na ngozi ya ubaridi: huyo amezidiwa na joto, lakini bado yuko nasi. Atolewe juani, alegezwe nguo, ainuliwe miguu, apepewe, anywe kidogokidogo. Kama saa moja imepita bila nafuu, au anatapika kila anachomeza, aende hospitali.

Lakini mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akatembea kama mlevi ilhali hakunywa pombe, akashikwa na degedege au akazimia huku mwili unawaka moto, jasho liwepo au lisiwepo, hicho ni kiharusi cha joto, na joto la ndani huenda limepita nyuzi 40. Hapo dakika ni uhai. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa kanga, barafu zile za soda zifungwe vitambaani na kuwekwa shingoni, makwapani na kwenye kinena. Pigeni 999 au 112 huku mkiendelea, na gari lililopo limpeleke bila kuacha kummwagia. Msimpe maji kinywani kama hana fahamu sawasawa, yataingia mapafuni. Panadol haisaidii, hiyo si homa.

Neno moja kwa wale wanaosikia ushauri na kuuzidisha. Figo haziwezi kutoa zaidi ya kama lita moja kwa saa. Kugugumia lita mbili au tatu kwa mpigo ili kufidia asubuhi nzima hupunguza chumvi ya damu, na dalili zake, kichwa kuuma, kutapika na kuchanganyikiwa, hufanana na za kukauka. Polepole, na chakula chenye chumvi kidogo kando. Anayemeza maji ya bahari naye huongeza tatizo: yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, mwili hutumia maji yake wenyewe kuzitoa.

Mwaka jana shangazi alirudi. Siku ya kwanza alikaa barazani na uji wake, siku ya pili tukaenda ufuoni alasiri. Mtu wetu wa maji alikuwa mjukuu wake wa miaka kumi na saba, na kila alipopita na chupa bibi alikunywa, akamrudishia, akamuuliza kama yeye mwenyewe amekunywa. Hakuwa amekunywa. Hilo sikuliwazia: mtu wa maji naye ahitaji wa kumwangalia.

Tulirudi nyumbani saa mbili usiku, mchanga kwenye kila kitu. Kabla ya kulala kila mtu alimaliza glasi mbili, kwa sababu kichwa cha asubuhi baada ya ufuo mara nyingi ni maji ya jana. Chupa zikaoshwa usiku uleule, zikajazwa nusu, zikalazwa kwenye friza. Watoto walikuwa wameshaomba kurudi.